Mchi wa Tope

Kabla sijawasha kinasa sauti
Profesa Ilpo Hyttinen aliniuliza kama viatu vimelowa.
Vimelowa. Joensuu, mwezi wa Aprili,
theluji imechoka ila haijakubali kuondoka.
Akanipa soksi zake za sufu, pana kama mifuko,
nikaanza kumhoji hivyo,
nimevaa miguu yake.

"Miaka thelathini na minane ulifundisha nini?"
"Tope."
Nikangoja aendelee. Akakoroga kahawa.
"Tope la chini ya ziwa. Andika hivyo hivyo.
Mhariri wako atataka neno refu.
Lipo, na limenilipia kodi ya nyumba,
lakini kitu chenyewe ni tope."

Akaeleza kama anayemwelekeza mgeni dukani:
theluji ikiyeyuka, mito hushusha vumbi la mawe,
ukapata mstari mweupe;
barafu ikifunga, vilivyokufa majini hutua taratibu,
ukapata mweusi.
Mweupe na mweusi, mwaka umekwisha.
Unene wake ukucha, mara nyingi hata haufiki.

"Walikupandisha cheo mara ngapi?"
"Mbili. Ya pili kwa makosa,
barua ilikuwa ya Hyttinen wa hisabati.
Alikuwa muungwana, hakuidai."

Darasa lake la mwisho lilikuwa na wanafunzi wanne,
mmoja wao alikosea mlango, akaona haya kutoka,
akabaki hadi mtihani, akafeli.
Alicheka aliposimulia.
Sikumwambia kuwa huyo wa mlango ni mimi.
Labda alijua. Labda ndiyo maana ya soksi.

Kisha akafungua jokofu.
Kati ya siagi na samaki wa moshi
akatoa kitu kirefu kimeviringishwa plastiki,
akakilaza juu ya gazeti la jana, akakivua nguo:
mchi wa tope, milia yake myembamba
kama kurasa za kitabu kilichofungwa ukikitazama ubavuni.
Idara ilipofungwa, ghala la baridi lilizimwa Ijumaa.
Jumamosi alikuja na toroli ya bustani.
"Ilikuwepo mia moja na sitini. Mgongo ulikubali mmoja."

Akachukua sindano ya kufumia, ya marehemu Kerttu,
akaanza kuhesabu kushuka.
Hapa kiwanda cha mbao. Hapa vita.
Hapa chavua ya shayiri inakatika ghafla,
misimu miwili, mitatu: "Hawa walikula magome ya miti."
Sindano ikashuka tena, ikasimama.

Nilikuwa nimemuuliza anajivunia nini.

"Tasnifu yangu inasema miaka elfu tatu na kumi na miwili.
Ni kumi na mitatu.
Kerttu alikuja maabara kuniita chakula,
akainama begani kwangu: Na huu?
Nikamwambia huo ni ufa, tope likikauka hupasuka.
Hakubisha. Supu ilikuwa inapoa.
Miaka sita baadaye nikautazama vizuri.
Haukuwa ufa. Watu waliuishi."

"Ulisahihisha?"
"Huku daktari huvishwa kofia ndefu, akapewa na upanga.
Nani arudi chuoni, kofia mkononi,
kwa ajili ya mstari usiozidi unywele?"
Usipoziba ufa, tunaambiwa, utajenga ukuta.
Yeye aliuziba mwaka mzima,
akajenga kazi juu yake.
"Kerttu ulimwambia?"

Hapo alinyamaza.

Nilirudi studio na soksi zake.
Mhariri alitaka dakika nne:
toa kijiko, toa kikohozi, kimya nacho kata.
Nikavaa vipokea sauti, nikahesabu.
Sekunde kumi na moja;
mwishoni, ukitega sikio sana,
sindano inagusa meza.

Kijiko nimekitoa.
Hizo kumi na moja nimeziacha mahali pake.
Atakayesikiliza atadhani ni ufa.